Waliuliza Wako Wapi, Nikawaonyesha

Mimi ndiye niliyemuuza mdogo wangu, na malipo niliyopata ni makofi. Acha nianze hapo hapo, kwa sababu nikizunguka nitaanza kujitetea, na kujitetea ni kazi ninayoijua sana.

Mtu asinionee huruma. Sikulazimishwa na sikudanganywa. Nilisimama na akili zangu zote, mchana kweupe, kwenye ukumbi hapa mjini Wote, nikafungua huu mdomo wangu. Na nilikuwa upande wa haki, jamani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningekuwa adui yake, angalau ningejua nijichukie vipi.

Wanaonijua wanajua nina mdomo. Nauza nafaka sokoni, pojo na mbaazi na kunde, na hakuna mkutano katika sehemu hii ambao sijaufikia. Kikundi chetu cha mwethya, hawa tunaosaidiana kuchimba mitaro na kujenga mabwawa ya mchanga, kikitaka kusema na mkubwa yeyote, natumwa mimi. Nikisimama watu wananyamaza. Kusema ukweli, napenda. Napenda ile sekunde vichwa vyote vinanigeukia.

Mdogo wangu hakuwa na mdomo. Jina lake sitalitaja, wala la kijiji chetu, wala langu. Mkisoma mpaka mwisho mtaelewa kwa nini.

Alinifuata mimi kuzaliwa. Wakaangalia, wakasema ni mvulana, akapewa jina la babu yetu. Baba alikuwa akimwita "baba" tangu akiwa mchanga, kwa heshima ya yule aliyemrithi jina. Boma zima lilikuwa linamtazama yeye. Mimi nilikuwa msichana tu, wa kutumwa maji.

Lakini mtoto alikuwa hashikiki kwa wanaume. Wenzake wakienda na mbuzi, yeye anarudi kwa mlango wa jikoni, anakaa miguuni pa mama. Mama alikuwa akisuka vyondo, vile vikapu vya kwetu, anasokota katani kwenye paja kama wanawake wote wa kwetu, na yule mtoto naye anasokota kwenye kipaja chake mpaka kinakuwa chekundu. Baba alimchapa kwa ajili hiyo. Alichapwa sana. Mama hakuwahi kugombana na baba, hata siku moja. Alikuwa anasubiri baba atoke, kisha anavuta kyondo kutoka chini ya kitanda na kumpa mtoto aendelee pale alipoachia, ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Mimi niliona haya yote. Kabla sijawahi kusikia neno transjenda, nilijua nina mdogo wa kike ambaye watu wamekosea kumhesabu. Alipokuwa mtu mzima aliniambia mwenyewe, tukiwa tunapepeta kunde nyuma ya nyumba. "Mimi si mwanaume. Sijawahi kuwa. Na nimechoka kuigiza." Nikamwambia, najua, shika ungo vizuri. Akacheka mpaka akalia. Siku hiyo nilijiona dada mwema kuliko dada wote wa Ukambani.

Baba alipofariki, aliondoka. Alikaa mahali fulani wakamjua, wakamfukuza. Akakaa pengine, mwenye nyumba akakuta kitambulisho chake, kile cha jina la babu, akafukuzwa tena. Mwisho akafika Mtito Andei. Naitaja Mtito kwa sababu hayuko tena huko, na sababu ya kutokuwa huko ni mimi.

Mtito alipata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Malori yanayopita njia ile ya Mombasa turubai zake huchanika kila siku, kwa upepo na kwa vyuma vya mzigo, na dereva hawezi kusubiri. Kushona turubai ni kazi ngumu. Sindano ni nene, uzi una nta, unasukuma kwa kiganja kilichovishwa ngozi. Wanaume ndio huifanya. Yeye alikaa barazani, mwanamke mrefu mwenye kilemba, akaanza kushona kama mtu anayefunga kyondo, mishono imelala mmoja juu ya mwenzake, na maji hayapiti. Madereva wakawa wanawapita mafundi wengine wanamtafuta yeye.

Alipanga chumba kwa mama mmoja mjane, na baraza la kufanyia kazi lilikuwa la mama huyo huyo. Walipatana. Jumapili walikwenda kanisa moja na kuimba kwaya moja, na mdogo wangu alishika sauti ya chini. Hakuna aliyejua kitu. Alikuwa mwanamke kama wengine, ana sare ya kwaya na ana mahali pake pa kukaa. Nilipomtembelea nilimkuta amenenepa kidogo, nikafurahi sana.

Ni katika ziara hiyo nilipomwambia kuhusu mswada. Kulikuwa na watu waliokuwa wanazunguka wakikusanya maoni, wanataka kuwe na sheria ya kusema kwamba mtu asinyimwe nyumba, wala kazi, wala matibabu, kwa sababu alihesabiwa mwanamume naye anaishi kama mwanamke, au kinyume chake. Kungekuwa na mkutano Wote. Kikundi chetu kilialikwa, na msemaji mnamjua.

Aliacha sindano. Mdogo wangu si mtu wa kuacha sindano katikati ya mshono.

"Hiyo kitu ikipita," akasema, "mimi nataka moja tu. Siku moja nikigonjeka, nilale kitanda kama watu wengine, bila mtu kuniuliza huku chini niko na nini."

Nikamwambia nitasema. Nitasema mpaka ukumbi utetemeke.

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya mchonga vinyago. "Sema vitu zote unataka. Sema za nyumba, sema za kazi, sema za hospitali. Lakini mimi usiniseme, dada. Unanisikia? Mimi usiniseme."

Nikaapa. Niliapa kwa kaburi la baba, ambalo halikuwa hata na uzito kwake, na nikasahau kabla vumbi la safari halijanitoka kwenye viatu. Hapana, sikusahau. Huo nao ni uongo. Nilikumbuka vizuri sana.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Wazee wa kanisa walikuwapo, akina mama wa vikundi, walimu, na vijana wengi waliosimama nyuma na simu zao. Wasemaji wa kwanza waliongea lugha ya ofisini, haki hivi na katiba vile, na watu wakaanza kusinzia. Kisha nikaitwa mimi.

Nilikuwa nimejipanga. Sikuanza na sheria, nilianza na iweto. Kwa asiyejua, iweto ni desturi yetu Wakamba. Mwanamke ambaye hakujaliwa watoto, au amefiwa na mume hana mrithi, anaweza kutoa mbuzi akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wakawa wa boma lake. Baba yangu alizaliwa kwenye boma kama hilo. Mwenye boma alikuwa bibi mmoja mkali aliyevuta ugoro, mjane wa yule babu ambaye mdogo wangu alipewa jina lake, na shamba tunalolima mpaka leo ni la jina lake. Mbele ya wazee alihesabiwa kama mume.

Nikawauliza, "Kuna mtu alimfukuza yule bibi kwa shamba? Kuna mtu alimwambia amevuruga maumbile?" Wazee wakatikisa vichwa. Wengi wao wana iweto kwenye maboma yao, wanajua. Nikasema, basi sisi si wageni wa mambo haya, tulishajua zamani kumpa mtu nafasi yake hata kama mwili wake haulingani na nafasi hiyo. Nikaeleza ya nyumba, ya kazi, ya hospitali, yote kama nilivyotumwa. Ukumbi ulikuwa mkononi mwangu. Kama ningekaa chini pale, leo ningekuwa naandika kitu kingine, au nisingekuwa naandika kabisa.

Mzee mmoja akainua mkono. Mzee wa kanisa, mtu wa heshima, ananunua pojo kwangu. Hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Dada yetu umeongea vizuri," akasema. "Mambo ya iweto ni kweli. Lakini iweto ilikuwa ya kujenga boma, na tuliona mwenye boma kwa macho yetu. Sasa hii sheria, ni ya kulinda nani? Mimi nimezaliwa hapa nimezeeka hapa. Hao watu wako wapi? Tutungie sheria watu hawako?"

Watu wakacheka. Vijana wa nyuma wakapiga makofi. Mwingine akadakia, "Wako Nairobi huko! Wako kwa TV!" Wakacheka zaidi.

Hapo damu ikanipanda. Nitawaeleza kitu kuhusu mikutano ya kwetu ili mnielewe, si ili mnisamehe. Kwetu mtu hasemi "kuna fulani". Ukisema kuna fulani, wewe ni mwongo. Ukitaka kuaminiwa unamtaja mtu kwa baba yake, kwa ukoo wake, na kwa soko lake, ili anayetaka akathibitishe. Hivyo ndivyo tunavyosema hata kesi ya mbuzi. Nimelelewa hivyo, na mdomo wangu haukujua njia nyingine ya kusema ukweli.

Nikasema, "Mzee, unauliza wako wapi? Mmoja ametoka kwa tumbo la mama yangu." Nikamtaja. Nikataja jina la babu alilopewa, na jina analojiita. Nikataja baba yetu na ukoo wetu. Nikasema yuko Mtito Andei, anashona turubai kwa baraza ya mama fulani, anaimba kwaya kanisa fulani, na amewashinda wanaume wote kwa kazi hiyo. "Enda ukamwone," nikamwambia. "Si TV."

Kicheko kikakatika. Yule mzee akavua kofia, akaniangalia kidogo, akasema "pole sana, mama," akakaa. Halafu mama mmoja mbele akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, mpaka msimamizi akasema nipigiwe mengine. Kijana mmoja wa waandalizi akaniambia mlangoni, "Madam, leo umewamaliza."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshinda. Nilipika nyama. Nawaambia hili ili mjue mimi ni mtu wa aina gani: nilikula nikashiba, nikawasimulia watoto wangu jinsi mzee alivyovua kofia.

Kumbe wale vijana wa nyuma walikuwa wanarekodi. Video ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ikatoka hapo ikaenda makundi ya makanisa, na kesho yake ilikuwa Mtito. Kwa nini isifike? Nilikuwa nimewapa hadi baraza.

Mdogo wangu alinipigia simu mara moja tu. Nilidhani atanitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Dada, si nilikuambia?" Nikaanza kueleza, kwamba mzee aliuliza, kwamba watu walicheka, kwamba ilibidi. Niliongea peke yangu kwa muda kabla sijajua kwamba amekata.

Mengine nimeyajua baadaye kwa mama. Yule mjane aliweka kufuli yake juu ya kufuli ya chumba. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Mimi sina chuki na wewe. Lakini ulikuwa unaoga bafu moja na wasichana wangu, na hukuniambia." Sare ya kwaya wakamtaka airudishe, akairudisha imefuliwa na kupigwa pasi. Turubai za watu zikatupwa barabarani. Dereva mmoja alikuja kuchukua yake, akasimama pale akiiangalia chini, mshono umeishia katikati, akaikunja akaenda bila kusema lolote. Wengine hawakunyamaza.

Vijana wa stendi walimfuata jioni hiyo hiyo. Walitaka kuona, ndivyo walivyosema, walitaka tu kuona. Alipokataa wakampiga. Alijikinga kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio waliouvunja.

Alikwenda kuripoti polisi. Aliulizwa jina, akasema lake, akaombwa kitambulisho, na kitambulisho kina jina la babu. Wakaanza kuulizana wao kwa wao nani ameleta kesi, huyu wa hapa au huyu wa kwa kitambulisho. Aliondoka kesi haijaandikwa. Akaenda hospitali fulani, siitaji, mkono umevimba kama mguu. Hapo ndipo moyo wangu unapokwama kila nikisimulia. Hawakujua wamlaze wodi gani. Wodi ya wanawake walikataa kwa sababu ya kitambulisho. Wodi ya wanaume alikataa yeye, na nani angemlaumu? Wakamweka kwenye korido, kwenye kiti, wakisubiri mkubwa aje aamue. Video ilikuwa imeshafika huko pia. Watu wakawa wanapita pale korido bila shughuli, wanamwangalia, wanarudi na wenzao.

Na mmoja akamuuliza. Mnajua alimuuliza nini. Lile swali lenyewe, maneno yale yale aliyoniambia akiwa ameshika sindano Mtito.

Akainuka akatoka. Mkono haukuwekwa sawa. Umejiunga wenyewe, umepinda kwenye kifundo, na vidole viwili havifungi. Hawezi tena kusukuma sindano ya turubai. Hawezi kufunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Nilikwenda kuomba sheria ya nyumba, ya kazi na ya matibabu. Mdogo wangu alikuwa na nyumba, alikuwa na kazi, na alikuwa na mikono miwili mizima. Alivipata bila sheria, kwa kunyamaza. Mimi nikavimwaga vyote nikijaribu kuonyesha kwamba sheria inahitajika. Basi imeonyeshwa.

Nilikwenda kwa mama. Nilitaka alie nami, aniambie nilikuwa na nia njema. Nilimkuta uani, amekaa na katani yake, hasokoti. Kanisani kwake walikuwa wameshamuuliza.

Nikasema, "Mwaitu, nilitaka kumtetea." Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.

Hakuniangalia. "Mimi nilinyamaza miaka hiyo yote," akasema. "Ulifikiri ni uoga?"

Nikakaa chini kando yake.

"Baba yako akiuliza, nanyamaza. Watu wa kanisa wakiuliza, nasema mtoto wangu yuko Mtito anashona, nanyamaza. Wewe ulikuwa unaniona mama mjinga hajui haki. Mimi nilikuwa nachunga."

Aliingia ndani akafunga mlango. Nilikuwa nimeujua mlango ule tangu utotoni, na siku zote nilikuwa nikidhani mama anafunga kwa aibu.

Na yule mzee wa kanisa? Alikuja dukani kwangu pale sokoni. Nilikuwa nimemwekea chuki yote, maana ilinibidi niiweke mahali. Alisimama mbele ya magunia bila kununua. "Mama, hiyo mambo ya mtoto wenu imeniharibia usingizi," akasema. "Mimi niliuliza tu. Si lazima ungejibu."

Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa rika langu hamwambii mzee. Lakini alichosema kimebaki dukani na mimi, kila nikipima kunde kipo. Si lazima ningejibu. Ningeweza kusema, mzee, hata asingekuwapo mmoja, sheria nzuri haidhuru mtu. Ningeweza kusema, wapo, na hawajitokezi kwa sababu ya kicheko hiki mnachocheka sasa hivi. Majibu yapo mengi. Nayapata yote sasa, nikiwa peke yangu.

Mswada wenyewe umelala. Nimeuliza, nimeambiwa wanatafuta muda mwafaka. Wanaoupinga wanaonyesha video yangu mimi. Wanasema, mmesikia, wako hadi kwenye kwaya zetu, wanaoga na wasichana wetu, tuwe macho. Sauti inayosikika ni yangu, inasema enda ukamwone.

Nilimwona mdogo wangu mara moja tangu hapo. Mama ndiye aliyepanga, baada ya mimi kumsumbua sana, na hakuniambia anakaa wapi. Alisema nimsubiri mji mdogo wa Kiboko, pale wanapouza matunda kando ya barabara kuu. Nikafika mapema, nikanunua machungwa, yeye anapenda machungwa. Alipokuja nilikuwa karibu nisimtambue. Alikuwa amevaa shati na suruali. Kichwa kimenyolewa. Alikuwa amerudi kuigiza, na sasa hata hakuigiza vizuri, alitembea kama mtu aliyevaa nguo za maiti.

Hakukaa karibu yangu. Aliangalia nyuma yangu kwanza, kushoto na kulia, kisha simu yangu iliyokuwa pajani.

"Ulimwambia nani unakuja hapa?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Naapa."

"Wewe ukiapa, mimi nijue nini?"

Nikalia. Nikamwomba msamaha, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, nikashika ule mkono na yeye akauacha tu mikononi mwangu bila kuufunga, maana haufungi. Na kwa sababu mimi ni mimi, sikuweza kuishia kwenye msamaha. Nikaanza tena kuhutubia. Nikamwambia mapambano hayajaisha, nikamwambia nitarudi ukumbini, sheria ikipita tutawashtaki wote, mjane, vijana, hospitali.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Alikuwa na adabu siku zote.

"Hiyo sheria yako ikipita," akasema, "itanitafuta wapi?"

Alichukua chungwa moja kwa mkono wa kushoto. Akavuka barabara kati ya malori, akaenda. Lori moja lilikuwa na turubai iliyoshonwa kwa mshono uliolala, mmoja juu ya mwenzake. Aliipita bila kuinua kichwa.

Ndugu msomaji, wewe mwenye mdomo kama wangu, nakuonya. Endelea kuidai sheria hiyo, watu wetu wanaihitaji kuliko unavyojua, na mimi nimeona gharama ya kukosa kuwa nayo. Lakini usipeleke mtu wako kuwa ushahidi. Wakikuuliza wako wapi, wakikucheka, wakikuita mwongo, kubali uitwe mwongo. Kaa chini ukiwa mwongo. Makofi yakianza na wewe ndani umeshika siri ya mtu, jihadhari sana na utamu wake.

Mimi bado naitwa mikutanoni. Wiki hii nimeitwa tena, wanasema ushuhuda wangu uligusa watu. Sitakwenda. Mama hupeleka vitu kwa mdogo wangu kwa mkono wa mtu ambaye hanitajii, na namba yake ya zamani haipatikani. Nikipita Mtito naangalia lile baraza. Sasa wanauza maji ya chupa pale.

Yule mzee aliuliza wako wapi, nami nikajibu upesi sana, mbele ya watu wote. Leo wa kwangu yuko wapi, sijui. Walio karibu naye wanajua, na wote wamekubaliana kwamba mtu wa kutoambiwa ni mimi.